Mzee Anapoomba Cheo

Mahubiri yaliyotolewa redioni. Masomo: Yoshua 14:6-15; Luka 15:25-32; 2 Samweli 19:31-39

Ninawasalimu wapendwa wote wa Itebero, Musenge na Hombo, na ninyi mlio kandokando ya barabara hii mpaka Walikale. Ninawasalimu pia ninyi mnaosoma karatasi hii kwa sababu mabuye ya redio yenu yamekwisha.

Neno la leo linahusu cheo. Sisemi juu ya cheo cha kijana anayeanza kazi. Ninasema juu ya cheo cha mzee aliyekwisha kuimaliza, ambaye usiku hapati usingizi kwa sababu anaona kwamba hakupewa kilicho chake. Wengi wetu tuna baba, mjomba au babu wa namna hiyo. Wengine ni ninyi wenyewe mnaosikiliza. Basi tufungue mioyo.

1. Ombi lenyewe

Katika kanisa letu yuko mzee mmoja. Amenipa ruhusa nieleze habari yake bila kutaja jina, kwa sababu anajua si yake peke yake. Amepita miaka 70. Aliingia jeshini mwaka 1975, wakati wa Zaire, katika jeshi lililoitwa FAZ. Vita ya 1996 ilimkuta akiwa ajida. Yeye na wenzake walitembea kwa miguu wakipita Walikale na Lubutu kuelekea Kisangani, mvua juu yao, njaa tumboni, risasi nyuma yao. Njiani komanda wake alimwambia kwa mdomo kwamba wakifika salama atamfanya luteni. Komanda yule hakufika. Mwaka 1997 utawala ulibadilika, na mzee wetu akapelekwa Kitona, kule karibu na bahari, pamoja na wanajeshi wengi wa jeshi la zamani, wakafundishwe upya. Alipofika tena nyumbani hakuwa na sanduku wala karatasi.

Sasa ameandika barua. Anaomba jina lake liwekwe kwenye orodha ya wastaafu kwa cheo cha kapiteni. Hesabu yake ni hii: aliahidiwa luteni, na miaka iliyofuata ingempandisha mpaka kapiteni. Alituletea barua ile katika baraza la wazee wa kanisa, akaomba tutie sahihi na muhuri kwamba sisi tunamjua kama kapiteni.

Tulipomuuliza kwa nini, alitaja mambo matatu. La kwanza, pensheni ya kapiteni si sawa na ya ajida, na mama wa nyumbani kwake ni mgonjwa. La pili, anataka siku ya kuzikwa kwake watu wajue ni nani wanamzika. La tatu alilisema kwa sauti ndogo: kuna vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kushika bunduki, wakaenda porini, wakarudi katika jeshi wakiwa makoloneli. Yeye pia alifuatwa mara mbili, akaahidiwa kuwa komanda wa kundi. Alikataa kwa sababu alikuwa ameokoka. Leo wale wanapita kwa gari, na yeye anashuka shambani na panga lake.

Baraza lilinyamaza. Na mimi ninawaomba msikimbilie kumhukumu.

2. Usimcheke

Wako wanaocheka mzee anapotafuta cheo. Wanasema mtu wa miaka 70 atafanya nini na ukapiteni, atapigia saluti ngedere? Ndugu yangu, usicheke. Njaa hiyo ina historia, na historia hiyo ni ya nchi yetu.

Jeshi la wakati wa Wabelgiji liliitwa Force Publique. Babu zetu walipigana ndani yake. Mwaka 1916 waliingia Tabora, katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Mwaka 1941 walipigana Ethiopia mpaka Waitalia wakasalimu amri kule Saio. Walishinda, wakazika wenzao, wakarudi. Lakini mlango wa uofisa ulikuwa umefungwa kwao. Mweusi alipanda mpaka mahali fulani, hapo akasimama, na kijana wa Kizungu aliyefika jana akamwamuru. Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru, na jeshi la watu zaidi ya 20,000 lilikuwa bado linaongozwa na maofisa Wabelgiji.

Siku tano tu baadaye Jenerali Janssens, mkuu wa jeshi lile, aliwakusanya wanajeshi Léopoldville, akawaandikia ubaoni maneno yenye maana kwamba mambo baada ya uhuru yatakuwa kama yalivyokuwa mbele ya uhuru. Wanajeshi wakaasi, kwanza pale Léopoldville na Thysville, kisha moto ukaenea. Waziri Mkuu Lumumba alijaribu kuuzima kwa kumpandisha kila askari cheo kimoja. Siku chache baadaye Victor Lundula, aliyewahi kuwa sajenti, alifanywa jenerali na mkuu wa jeshi. Joseph Mobutu, naye sajenti wa zamani, akafanywa koloneli.

Tazameni basi. Kwa zaidi ya miaka 70 mtu alinyimwa cheo alichostahili, kisha kwa siku moja jeshi zima likapandishwa. Ile ya kwanza ilikuwa dhuluma. Ile ya pili haikutuliza nchi: tarehe 11 Julai Katanga ilijitenga, na damu ikaendelea kumwagika. Tangu hapo tumekuwa watu wa kuuliza cheo kwanza, na kazi baadaye. Mzee wetu amezaliwa katika nyumba hiyo. Dhuluma ni ya kweli, na Mungu haicheki dhuluma.

3. Ndugu mkubwa aliyebaki nje

Sasa tusome Luka 15. Tunapenda kumhubiri mwana mpotevu, na ni vizuri. Lakini leo tumtazame ndugu yake. Huyu hakutoroka. Hakutapanya mali. Kila siku alikwenda shambani. Jioni moja anarudi, anasikia ngoma na watu wanacheza, anamwuliza mtumishi kuna nini. Anaambiwa mdogo wake amerudi na ndama aliyenona amechinjwa. Anakataa kuingia. Anamwambia baba yake kwamba ametumika miaka mingi bila kuvunja amri, na hajapewa hata mwana-mbuzi wa kufurahi na rafiki zake.

Wapendwa, sauti hii mnaijua. Ni sauti ya mtu aliyetii mpaka mwisho, kisha akaona sherehe inafanyiwa aliyeasi. Hapa Kivu ya Kaskazini tumeona mara nyingi: vita inapiganwa, mazungumzo yanafanyika, na mojawapo ya maswali ya mezani ni vyeo vya wale waliotoka porini. Baada ya mapatano ya mwaka 2002 vikundi vilichanganywa katika jeshi moja, na wapiganaji wakaja na vyeo walivyopeana. Baada ya makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009 kati ya serikali na CNDP, jambo la vyeo lilikuwa kati ya yale yaliyobishaniwa, na mwaka 2012 maasi mengine yakazaliwa yakibeba tarehe ile kama jina. Aliyelipa gharama ya hayo yote ni mama wa Masisi aliyelala chini ya hema, na mtoto wa Walikale aliyeacha masomo.

Kwa hiyo ajida aliyekataa kwenda porini anapouliza kama alikuwa mjinga, swali lake ni swali la ndugu mkubwa. Na ninyi mnajua baba alifanya nini. Aliacha wageni ndani ya nyumba, akatoka nje, akamsihi. Hakumfokea. Hakumwambia akae kimya kwa sababu ni mtu wa imani. Alimkumbusha mambo mawili: kwamba siku zote wako pamoja, na kwamba vyote alivyo navyo baba ni vyake.

Hapo ndipo pa kushika. Ndugu mkubwa alihesabu mbuzi, akasahau shamba. Mzee wetu aliyekataa bunduki ya porini amelala miaka yote hii bila damu ya jirani mikononi. Akipita sokoni hakuna mjane anayegeuza uso. Watoto wake hawana kisasi cha kurithi. Je, hiyo si mali? Koloneli mwingine angetoa nyota zake zote apate usiku mmoja wa namna hiyo. Lakini hatuwezi kumwambia hayo tukiwa tumekaa ndani, tunakula ndama. Ni lazima kanisa litoke nje kama yule baba.

4. Kalebu alivyoomba

Je, ni dhambi mwanajeshi mzee kuomba? Hapana. Biblia ina mwanajeshi mzee aliyeomba, na alipewa. Ni Kalebu.

Kalebu alikuwa na miaka 40 Musa alipomtuma kupeleleza nchi. Walikwenda watu 12. Kumi waliogopa, wawili walisimama na Mungu: Yoshua na Kalebu. Imani yao ilikuwa sawa, na hatari waliyoingia ilikuwa moja. Kisha nini? Yoshua akawa mkuu wa jeshi lote na mrithi wa Musa. Kalebu akabaki mtu wa kabila lake. Miaka 45 inapita. Kalebu, sasa ana miaka 85, anamwendea Yoshua kule Gilgali. Anaomba. Hebu tuangalie anavyoomba, maana hapo pana masomo manne.

Kwanza, anaomba mbele ya watu. Wana wa Yuda wamesimama naye. Haendi usiku kwa mlango wa nyuma, hana bahasha chini ya nguo.

Pili, anaomba kilichoahidiwa kweli, na anaomba kwa mtu anayeijua ahadi ile. Haongezi neno. Hasemi Musa alimwahidi mbili, wakati alimwahidi moja.

Tatu, hamwonei Yoshua wivu. Angeweza kusema kwamba wote wawili walikwenda, kwa nini mmoja tu akawa mkubwa. Hilo halimo katika maneno yake.

Nne, na hili linanishangaza kila ninaposoma, anaomba kazi. Anaomba nchi ya mlima ambayo bado ina majitu na miji yenye kuta. Mzee wa miaka 85 haombi kiti, anaomba shamba ambalo bado linadai jasho. Yoshua akambariki, akampa Hebroni.

Baraza letu lilisoma habari hii pamoja na mzee wetu, polepole, mstari kwa mstari. Kisha tukaichukua barua yake. Tulimwambia: kudai pensheni yako ni haki. Kudai miaka yako ya utumishi ihesabiwe ni haki. Kudai jina lako liandikwe vizuri, ili mama asihangaike siku ukiondoka, ni haki na ni upendo. Hapo tutasimama nawe kama wana wa Yuda walivyosimama na Kalebu. Hata ile ahadi ya komanda tutaiandika, kama ilivyo: kwamba unasema uliahidiwa kwa mdomo, njiani, mwaka 1996. Walio na mamlaka wataamua. Katiba yetu ya 2006 imempa Rais wa Jamhuri kazi ya kuteua maofisa wakubwa, na hata vyeo vya chini yao vina sheria yake. Muhuri wa kanisa haumfanyi mtu ofisa.

Lakini kuandika kwamba tunakujua kama kapiteni, hatuwezi. Tunakujua kama ajida. Tukitia muhuri hapo, Jumapili tutahubiri kweli kwa mdomo gani?

Alikaa muda mrefu bila kusema. Hakufurahi, na sitawadanganya kwamba alifurahi. Kisha akachukua kalamu, akafuta mstari ule yeye mwenyewe. Nasi tukaongeza mstari ambao hakuuomba: kwamba tunashuhudia mtu huyu alifuatwa mara mbili kwenda porini, akakataa, na amekaa kwa amani na jirani zake wa makabila yote. Tukatia sahihi zote. Muhuri ule niliugonga kwa furaha.

5. Barzilai na mlango wa kufunga

Kuna mzee mwingine, Barzilai wa Gileadi. Huyu hakuwa askari, lakini alilisha jeshi. Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, akafika Mahanaimu amechoka na watu wake, Barzilai alileta vitanda, vyombo, ngano, maharagwe, asali na kondoo. Ni kama mama zetu wanavyotoa mihogo na mafuta ya ngazi wakimbizi wanapoingia kijijini.

Vita ilipokwisha mfalme alimwita waende pamoja Yerusalemu, akae katika nyumba ya kifalme. Hicho ni cheo, na kinatolewa na mfalme mwenyewe, bila barua na bila kuomba. Barzilai ana miaka 80. Anajibu kwamba ulimi wake hauonji tena utamu wa chakula, masikio yake hayasikii vizuri waimbaji, kwa hiyo atakuwa mzigo tu kwa mfalme. Anaomba arudi mji wake, afe karibu na kaburi la baba na mama yake. Kisha anamleta Kimhamu, amwambia mfalme amchukue huyu.

Hakukataa kwa kiburi, wala hakukataa kwa uchungu. Alijua saa yake. Aliona heshima iliyobaki inafaa kupewa anayekuja nyuma. Na Daudi hakumsahau: alipokaribia kufa, alimwagiza Sulemani awatendee mema wana wa Barzilai. Heshima aliyoiachilia kwa mikono miwili iliwakuta watoto wake.

Wazee wangu, ninasema kwa adabu. Kuna haki unayoidai mpaka mwisho, kama Kalebu. Na kuna ukubwa unaouachilia, kama Barzilai. Hekima ni kujua kipi ni kipi. Jiulize hivi: nikikipata ninachoomba, nani atakula? Kama jibu ni mama, watoto, mjane na yatima, dai bila aibu. Kama jibu ni kwamba jirani fulani ataniona na kunyamaza, basi kinacholia ni kidonda, na kidonda hakiponi kwa nyota za mabegani. Kinaponywa na Bwana.

Tena ninawaonya. Mtu akikuambia umpe pesa akupandishie cheo kwenye orodha, mkimbie. Atakula mbuzi wako, na jina lako litabaki palepale. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na askari wafanye nini, hakuwaambia waache jeshi. Aliwakataza kunyang'anya na kusingizia watu, akawaambia watosheke na mshahara wao. Uongo katika karatasi ni kunyang'anya kwa kalamu.

6. Cheo hakimwokoi mtu

Yule sajenti aliyefanywa koloneli mwaka 1960 aliendelea kupanda. Akawa jenerali, akawa rais, na mwaka 1982 akawa Marshali Mobutu. Juu ya hapo hapakuwa na cheo kingine. Mwezi Mei 1997 aliukimbia Kinshasa akiwa mgonjwa, na tarehe 7 Septemba mwaka uleule akafa Rabat, Moroko, akazikwa kule kule. Umarshali haukumletea hata kipande cha udongo wa kwao. Sisemi haya kwa kumdharau marehemu. Ninasema ili tujue kwamba ngazi ile ina mwisho, na mwisho wake hauna godoro.

Sasa msikie habari nyingine. Mwezi Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja Kinshasa. Pale alisimama mbele ya mzee mmoja wa karibu miaka 100, Albert Kunyuku, askari wa Force Publique katika Vita ya Pili ya Dunia. Mfalme alimvika nishani. Mzee yule alikuwa kaporali. Wengi walikufa mbele yake bila kusikia hata asante, na kuchelewa kule ni aibu. Lakini siku ile aliyemwendea mwenzake alikuwa mfalme, na aliyetembelewa alikuwa kaporali.

Ikiwa mfalme wa dunia anaweza kukumbuka baada ya miaka 77, je, Yule asiyesahau hata kikombe cha maji? Paulo alipokuwa mzee gerezani, baada ya vita vyake vyote vya imani, alimwandikia Timotheo. Alikuwa na hakika juu ya taji lake. Na ombi lake kwa wanadamu lilikuwa nini? Aletewe joho lake kabla ya baridi, na vitabu vyake. Mtu aliye na hakika ya taji anaweza kuomba blanketi bila aibu.

7. Neno kwa vijana, na neno kwetu sisi wachungaji

Vijana, ninyi mnatazama. Mnaona katika misitu ya Walikale na milima ya Masisi kwamba mtu mwenye watu 30 na redio ya mawasiliano anajiita jenerali. Mnajifunza kwamba bunduki ni shule fupi ya cheo. Ninawaambia kama baba: waulizeni waliorudi. Mpango wa serikali wa kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia, P-DDRCS, ulianzishwa mwaka 2021, na haja yake ni mtu arudi kijijini kwake, ashike kazi, aishi na watu. Jenerali wa porini anayerudi anaanza kwa jembe. Afadhali uanze na jembe leo, kabla hujamfanya mtu mjane.

Na sisi wachungaji tusijifiche. Kabla ya kumhukumu ajida anayeomba ukapiteni, tujiangalie. Jana mtu alikuwa shemasi, leo ni mchungaji, kesho ni askofu, keshokutwa mtume, na washirika wake hawajazidi benchi nne. Wengine tunakasirika tukitajwa bila cheo katika tangazo la mazishi. Yakobo na Yohana waliomba viti vya kuume na kushoto, na wale kumi wengine walikasirika, kwa sababu nao walivitaka. Yesu aliwaonyesha kwamba katika nyumba yake mkubwa ni yule anayetumika. Mwanajeshi angalau anaomba kwa barua. Sisi tunajipandisha wenyewe.

8. Tufanye nini?

Kanisa lisiishie kusema amina. Ninaomba kila kusanyiko lifanye mambo manne.

Moja: waandikeni wazee wetu waliotumika, wanajeshi, mapolisi, walimu, wauguzi, pamoja na wajane wao. Kaeni nao, mwandike miaka yao na kazi yao kama walivyoifanya, bila kuongeza. Karatasi iliyopotea vitani inaweza kusaidiwa na shahidi wa kweli.

Mbili: mzee anapoitwa kuhakikiwa, asiende peke yake. Kijana mmoja amsindikize, na kikapu cha kanisa kisaidie nauli ya piki-piki.

Tatu: tusingoje siku ya kuzika. Mzee wetu alisema anataka watu wajue ni nani wanamzika. Kwa nini wasijue leo, akiwa anasikia? Siku moja ya Bwana katika mwezi, mzee mmoja asimame, asimulie alivyotumika na Mungu alivyomtunza. Watoto wakae mbele.

Nne: tusiwaite kwa dhihaka. Kama alikuwa ajida, mwite Papa Ajida kwa heshima. Cheo cha kweli kilichotamkwa kwa upendo ni kikubwa kuliko ukapiteni wa uongo.

Na wewe mzee unayenisikia, pengine uko peke yako, redio iko kwenye dirisha. Dai haki yako kwa kweli. Jibu likikawia, usikae miaka iliyobaki mlangoni pa ofisi. Bado una mlima. Wajukuu hawajui kusali, jirani wawili hawasemezani, shamba la mjane halina mtu wa kulifyeka. Omba mlima huo kama Kalebu. Bwana hatauliza cheo chako kabla ya kukupa.

Tuombe.

Bwana Mungu wetu, wewe unaona dhuluma ya miaka mingi. Wakumbuke waliotumika wakasahauliwa. Wape viongozi wetu moyo wa kulipa haki ya mstaafu na mjane. Waponye wazee wetu uchungu wa kuona waasi wamepanda. Waokoe vijana wetu na vyeo vya damu. Na sisi watumishi wako utuvue ukubwa tuliojivika wenyewe. Kwa jina la Yesu Kristo, amina.

Maswali ya kuongea katika vikundi vya nyumbani

1. Katika mambo unayomwomba Mungu au serikali, lipi ni haki na lipi ni ukubwa?
2. Ni mzee gani katika kijiji chetu hajawahi kupewa asante? Nani atamtembelea wiki hii?
3. Kalebu alimwona mwenzake akiwa mkubwa juu yake. Ni nani ambaye kupanda kwake kunakuuma, na utamwombea namna gani?